Ghala limejaa risasi: jeshi libadili kaliba ya bunduki au libaki na iliyopo?

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Tangu Jeshi la Nchi Kavu la Marekani litangaze mwezi Aprili 2022 kwamba askari wake wa mstari wa mbele watapewa bunduki mpya ya kaliba (yaani kipenyo cha risasi) ya milimita 6.8, kuna hoja moja ambayo hurudiwa kila mjadala unapoanza: kwamba haiingii akilini kuiacha risasi ya milimita 5.56 ilhali maghala yamejaa, viwanda vimeizoea na washirika wote wa NATO wanaitumia. Wanaotetea mabadiliko hujibu kwamba wingi wa risasi ghalani haumsaidii askari ambaye risasi yake haipenyi fulana ya adui ya kuzuia risasi. Pande zote mbili huzungumza kwa kujiamini sana, na mara nyingi bila historia, ingawa swali lenyewe si geni hata kidogo. Majeshi kadhaa yameshawahi kulijibu, kila moja kwa namna yake, na matokeo ya kila jibu yanajulikana.

Niweke msimamo wangu wazi mapema ili anayetaka kunipinga ajue pa kuanzia. Shehena iliyomo ghalani ni hoja halali, lakini ni hoja yenye muda wa kuisha, na muda huo hupimwa kwa miaka ambayo jeshi litachukua kuzitumia risasi hizo. Kinacholifunga jeshi kwa muda mrefu zaidi ni bunduki za rashasha zinazokula risasi hiyo hiyo, mikanda yake, mashine za kiwandani na mafunzo ya watu. Jeshi likiamua kubadili, basi libadili mfumo mzima na lifanye hivyo wakati wa amani, kwa sababu hasara kubwa kuliko zote imewapata waliobadili nusu.

Nianze na Marekani yenyewe. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha, jeshi lao lilibaki na risasi za ziada zaidi ya bilioni 2 za kaliba .30 (yaani inchi 0.30), ile ambayo raia huiita .30-06. Wakati huo huo lilikuwa likitafuta bunduki ya kujipakia yenyewe ili kuiondoa Springfield ya mwaka 1903, ambayo askari alipaswa kuvuta komeo lake kila baada ya kufyatua. Mwaka 1923 mbunifu John Pedersen aliingia kazini katika kiwanda cha serikali cha Springfield, Massachusetts, naye aliona kwamba tatizo linaanzia kwenye risasi kabla ya kufika kwenye bunduki, kwa kuwa .30 ilikuwa na nguvu kupita mahitaji ya askari wa miguu na ilifanya bunduki yoyote ya kujipakia iwe nzito. Akabuni risasi ya .276, yaani milimita 7, iliyo nyepesi zaidi na yenye msukumo mdogo begani.

Jeshi halikuikubali kwa maneno matupu. Mwaka 1928 bodi ya majaribio iliwapiga nguruwe waliotiwa usingizi kwa risasi za kaliba tatu, .256, .276 na .30, na ile ndogo kuliko zote ndiyo iliyoacha majeraha mabaya zaidi katika masafa mafupi. Majaribio ya mbuzi yakafuata mwaka 1930. Mbunifu mwingine wa kiwanda hicho, John Garand, mzaliwa wa Quebec, Kanada, alitengeneza bunduki yake ya .276 ambayo klipu yake ilibeba risasi 10, na mwanzoni mwa mwaka 1932 bodi ikapendekeza ichukuliwe. Mwezi Februari, Jenerali Douglas MacArthur, aliyekuwa Mkuu wa Jeshi la Nchi Kavu, akaikataa kaliba mpya na kuagiza kwamba bunduki ya kujipakia iwe ya .30.

Sababu zilieleweka kwa kila mtu. Uchumi ulikuwa umeporomoka, bajeti ya jeshi ilikuwa ikikatwa, risasi za .30 zilikuwa tele, na bunduki za rashasha za Browning zilitumia risasi hiyo na zingeendelea kuitumia hata kama bunduki za mkononi zingebadilishwa. Garand alirekebisha kazi yake, na mwaka 1936 bunduki ya M1 ikapitishwa ikiwa ya .30, klipu yake ikibeba risasi 8 badala ya 10.

Hapa ndipo ningependa tutulie kidogo, kwa sababu wasimuliaji wengi hukisimulia kisa hiki hadi hapo tu, kisha hukitumia kuthibitisha kwamba ghala lililojaa ni hoja inayomaliza mjadala. Kanuni za jeshi hilo ziliagiza kwamba risasi za zamani zitumike kwanza katika mazoezi, na kufikia karibu mwaka 1936 zile za vita zilikuwa zimekwisha. Jambo hilo liligunduliwa kwa njia isiyotarajiwa: askari walipoanza kupewa risasi za toleo jipya zaidi, zenye kichwa kizito na mkia uliochongwa, ilionekana kwamba zinafika mbali kuliko mipaka ya usalama ya viwanja vingi vya shabaha, na ikalazimu kutengeneza toleo jingine la .30 lenye kichwa chepesi. Yaani shehena iliyotajwa mwaka 1932 kuwa sababu ya kukataa kaliba mpya ilimalizika karibu na wakati ule ule bunduki yenyewe ilipopitishwa, kabla haijaanza kutoka kiwandani kwa wingi. Bilioni 2 zilionekana kuwa hazina ya kudumu, kumbe zilikuwa za kutosha miaka michache tu zaidi.

Je, MacArthur alikosea? Kwa maoni yangu, hapana, lakini hoja iliyombeba ni ile ya bunduki za rashasha. Vita vilipofika Desemba 1941, kikosi cha Marekani kilikuwa na bunduki ya M1, bunduki nyepesi ya rashasha ya BAR na rashasha nzito za Browning, zote zikila risasi moja. Mpiga rashasha aliyeishiwa aliweza kupata risasi kwa wenzake, na mpangaji wa mizigo bandarini hakuhitaji kukisia ni kikosi gani kinahitaji sanduku la aina gani. Faida hiyo ingekuwepo hata kama ghala lingekuwa tupu mwaka 1932.

Italia inatuonyesha upande wa pili. Jeshi lake lilikuwa na bunduki ya Carcano ya milimita 6.5 tangu mwaka 1891. Baada ya vita vya Ethiopia vya 1935 na 1936, malalamiko kwamba risasi hiyo haimwangushi adui ipasavyo yalizidi, na mwaka 1938 ikapitishwa risasi mpya ya milimita 7.35 pamoja na bunduki fupi ya M38. Kwa upande wa ufundi wa kijeshi, risasi hiyo haikuwa mbaya. Tatizo ni kwamba Italia ilianza kuitengeneza ikiwa na mamilioni ya bunduki za 6.5, viwanda vilivyopangwa kwa ajili ya 6.5, bunduki nyepesi ya rashasha ya Breda ya 6.5, na rashasha nzito ambazo tayari zilikuwa na kaliba nyingine ya milimita 8. Vita vilipokaribia, serikali iliona kwamba haiwezi kuzilisha kaliba zote hizo kwa pamoja. Mwaka 1940 ikarudi kwenye 6.5, na M38 zilizofuata zikatengenezwa kwa kaliba ya zamani. Bunduki zaidi ya 90,000 za 7.35 ziliuzwa Finland, ambako askari wengi hawakuzipenda, mojawapo ya sababu ikiwa kwamba kilengeo chake cha nyuma kilikuwa cha kudumu na hakikuweza kurekebishwa kulingana na umbali.

Matokeo ya mchanganyiko huo wa kaliba yalionekana hata huku kwetu. Mwaka 1941 askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza) kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland walipoingia Somalia na Ethiopia wakiwa pamoja na vikosi vya Afrika Kusini, Nigeria na Gold Coast, bunduki yao ya Lee-Enfield, rashasha yao nyepesi ya Bren na rashasha nzito ya Vickers zote zilitumia .303. Waitaliano na askari wao wa makoloni walikuwa na Carcano za 6.5, rashasha mpya za milimita 8, na pia rashasha za Schwarzlose zilizotokana na Austria baada ya vita vya kwanza, ambazo nazo zilikuwa za milimita 8 lakini kwa ganda tofauti kabisa, kiasi kwamba risasi ya moja haiingii katika nyingine. Sidai kwamba Addis Ababa ilianguka mwezi Aprili 1941 kwa sababu ya maganda ya risasi. Nasema kwamba jeshi lililokuwa limezingirwa, lisilopata meli wala reli kutoka nyumbani, lilikuwa la mwisho kustahili mzigo huo.

Japani nayo iliingia katika shida ile ile bila kupata nafasi ya kurudi nyuma. Mwaka 1939 iliiacha rasmi 6.5 ya tangu 1897 na kupitisha bunduki ya Aina ya 99 yenye kaliba ya 7.7. Vita vilikuwa tayari vinaendelea China, na bunduki za 6.5 zilikuwa nyingi mno kuweza kuondolewa, kwa hiyo hadi mwaka 1945 vikosi vyake vilipigana kwa kaliba mbili. Zaidi ya hayo, 7.7 ya jeshi la nchi kavu haikulingana na 7.7 ya jeshi la majini, ambayo ilitokana na .303 ya Waingereza. Katika visiwa vya Pasifiki, ambako kila sanduku lilifika kwa meli iliyoweza kuzamishwa njiani, tofauti hiyo ilikuwa na gharama ya maisha.

Uingereza ndiyo ninayoiona kuwa ilisoma nyakati vizuri zaidi, angalau mara ya kwanza. Mwaka 1913 ilikuwa na bunduki mpya ya majaribio ya .276 ambayo ingechukua nafasi ya .303, risasi ya tangu mwisho wa miaka ya 1880 yenye ukingo kitakoni unaosumbua katika magazini (kisanduku cha risasi cha bunduki). Vita vilipozuka mwaka 1914, mpango huo ulisitishwa papo hapo, na ile bunduki ikatengenezwa kwa .303. Mara ya pili mambo yalikuwa tofauti. Mwaka 1951 serikali ya Attlee ilipitisha bunduki ya EM-2 ya risasi ndogo ya .280, lakini Churchill aliporudi madarakani mwaka huo huo aliiondoa, kwa kuwa Marekani haikutaka risasi yenye nguvu ndogo na washirika walihitaji kaliba moja. NATO ikachukua 7.62, ambayo kwa kweli ilikuwa .30 iliyofupishwa ganda. Marekani ikapitisha bunduki ya M14 ya kaliba hiyo mwaka 1957, na kufikia mwaka 1967 M16A1 ya 5.56 ndiyo iliyokuwa bunduki rasmi ya askari wake. Miaka 10 tu. Washirika waliolazimishwa kuacha walichokitaka walijikuta mwaka 1980 wakipitisha 5.56 kuwa kaliba ya pili ya NATO, kwa muundo wa risasi wa Kibelgiji wa SS109. Ninalitaja hili kwa uchungu kidogo, kwa sababu hapa hoja ya shehena na viwanda ilitumiwa kuhalalisha mapenzi ya wakuu kwa risasi yenye nguvu, ilhali majaribio ya tangu 1928 yalikuwa yameshaonyesha njia nyingine.

Sasa turudi kwenye 6.8. Jeshi la Marekani linasema linahitaji risasi inayoweza kupenya fulana za kisasa kwa mbali, na ili kufanya hivyo risasi hiyo hufyatuliwa kwa shinikizo kubwa kiasi kwamba kitako cha ganda lake kimetengenezwa kwa chuma badala ya shaba. Bunduki yenyewe, inayoitwa M7, ina uzito wa takribani kilo 3.8 bila kiwambo cha sauti, ikilinganishwa na bunduki ya M4 ya 5.56 isiyofika kilo 3. Magazini yake ya kawaida inabeba risasi 20, na mzigo wa kawaida wa askari unashuka kutoka risasi 210 hadi 140.

Hoja ya ghala, katika suala hili, naiona kuwa dhaifu. Mpango ni kuwapa 6.8 askari wa miguu na wale wanaopigana karibu na adui, huku sehemu kubwa ya jeshi ikibaki na 5.56, kwa hiyo hakuna shehena itakayooza, itatumika. Pia wamefanya jambo ambalo Italia haikulifanya: wamenunua bunduki ya rashasha ya M250 ya kaliba hiyo hiyo ili kikosi kimoja kile risasi moja, na wameanza ujenzi wa jengo jipya la kutengeneza 6.8 katika kiwanda cha Lake City, Missouri. Kwa vigezo nilivyoviweka mwanzo, maandalizi hayo ni ya watu waliosoma historia.

Wasiwasi wangu uko mahali pengine. Askari anayebeba risasi 70 pungufu hupoteza theluthi ya uwezo wake wa kumfanya adui ainamishe kichwa, na sehemu kubwa ya risasi zinazofyatuliwa vitani hufyatuliwa kwa kusudi hilo. Mimi ningeiweka 6.8 katika rashasha na kwa wadunguzi wa kikosi, na kuwaachia wengine 5.56. Warusi wameishi hivyo kwa miongo mingi: risasi yao ya 7.62 yenye ukingo, ya mwaka 1891, bado inatumika katika rashasha ya PKM na bunduki ya wadunguzi ya SVD, huku askari wa kawaida akihamishwa kutoka 7.62 fupi ya mwaka 1943 hadi 5.45 mwaka 1974. Waliongeza kaliba mpya pale ilipohitajika bila kuigusa ile ambayo mashine zao zilikuwa zinaitegemea.

Karibuni kwa michango, hasa ya wanaopinga.

Mchango wa 2

Mkuu, nakushukuru kwa uzi wenye taarifa, lakini umeichukulia shehena kama kitu kinachosubiri kufyatuliwa mazoezini. Shehena ya vita haiwekwi kwa ajili hiyo. Inawekwa ili nchi iweze kupigana miezi ya kwanza kabla viwanda havijaongeza kasi, na risasi iliyofungwa vizuri na kuhifadhiwa pakavu hudumu miongo mingi. Jeshi linalobadili kaliba linaanza upya kuijenga akiba hiyo, na katika miaka hiyo ya kujenga linakuwa uchi. Hiyo ndiyo maana halisi ya kusema ghala limejaa, na sidhani kama umeijibu.

Mchango wa 3 (mwanzisha uzi)

Ndugu yangu, hoja yako ni nzito na ninakubali kwamba akiba ya vita inapaswa kuhesabiwa peke yake. Ila tazama inavyoelekea: inamtaka anayebadili afanye hivyo mapema na wakati wa amani, huku akiendelea kuitunza akiba ya zamani pamoja na bunduki zake hadi ile mpya itimie. Haimzuii kubadili. Anayesubiri hadi akiba yake iishe vitani hatachagua kaliba mwenyewe. Atachaguliwa na yule anayempa au na yule anayemnyang'anya.

Mfano ulio karibu nasi kuliko wowote ni wa Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani katika Afrika Mashariki. Mwaka 1914 kampuni nyingi za askari zilikuwa bado na bunduki za mwaka 1871 za milimita 11 na baruti ya moshi, ambayo moshi wake ulimwonyesha adui mahali mpigaji alipo. Ushindi wa Tanga mwezi Novemba uliwapatia mamia ya bunduki za Kiingereza, rashasha na risasi nusu milioni au zaidi. Mwaka uliofuata meli ya Rubens iliyovizia kuwaletea mzigo ilishambuliwa katika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Risasi zilizookolewa zilikuwa zimelowa, ikabidi zifunguliwe, baruti ikaushwe na kufungwa upya. Novemba 1917, huko Ngomano kwenye mto Ruvuma, waliteka silaha na risasi za Wareno. Walipojisalimisha Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, bunduki walizokabidhi, 1,071, zilikuwa za Kiingereza na Kireno, pamoja na risasi 208,000. Jeshi hilo lilibadili kaliba zaidi ya mara moja katika miaka minne, na kila mara uamuzi ulitoka kwa yule aliyekuwa na risasi. Ukraine nayo, baada ya Februari 2022, ilihama kwa sehemu kubwa kutoka mizinga ya milimita 152 ya Kisovieti kwenda 155 ya NATO kwa sababu hiyo hiyo.

Mchango wa 4

Naomba kuuliza, ndugu mwanzisha uzi. Sisi tuna viwanda vya risasi hapa hapa: Mzinga kule Morogoro, kiwanda cha Eldoret upande wa Kenya, na Nakasongola upande wa Uganda. Hata hivyo Kenya ilikulia kwenye bunduki ya G3 ya 7.62 ya NATO, ilhali Tanzania na Uganda zilikulia kwenye familia ya AK na 7.62 fupi ya Kisovieti. Vikosi vyetu vinaposhirikiana, kama Kenya na Uganda zilivyofanya Somalia, je, si busara tuwe na kaliba moja?

Mchango wa 5 (mwanzisha uzi)

Faida yake naiona, lakini kwa hesabu yangu haitoshi kulipa gharama. Vikosi vya Kenya na Uganda nchini Somalia viligawana maeneo, kila kimoja kikiwa na njia yake ya ugavi, kwa hiyo nadra sana askari mmoja kulazimika kuazima magazini ya mwenzake wa nchi nyingine. Ningeanza na mashine za kiwandani. Zile za kutengeneza ganda la 7.62 fupi, ambalo umbo lake limebanana kuelekea mbele, haziwezi kutengeneza ganda la NATO bila kubadilishiwa vifaa karibu vyote. Nchi itakayofikia wakati wa kununua mashine mpya kwa sababu za zamani zimechakaa itakuwa na nafasi nzuri ya kulizungumza jambo hili na jirani zake, na hapo ndipo ningependa mjadala wa kikanda uwekwe. Kuzitupa mashine nzima zinazofanya kazi ili tufanane ni kuanza njia ya Italia.

Mchango wa 6

Wakuu, mimi naishi Texas na huwinda paa wa huku kila msimu. Nina bunduki moja ya .308 na risasi nilizokusanya kwa miaka kadhaa, hasa baada ya uhaba wa 2020 na 2021 ambapo rafu za maduka zilikuwa tupu. Kila ninayekutana naye kwenye uwanja wa shabaha ananiambia nihamie risasi ya 6.5 Creedmoor. Je, hoja zenu za majeshi zinamhusu mtu mmoja?

Mchango wa 7 (mwanzisha uzi)

Zinakuhusu, tena kwako hesabu ni rahisi zaidi kwa kuwa huna rashasha wala kiwanda cha kukufunga. Gawanya risasi ulizonazo kwa idadi unayofyatua kwa mwaka, mazoezi yakiwemo. Ukipata miaka miwili au mitatu, shehena yako isikuzuie. Ukipata miaka kumi na mitano, una sababu ya kutosha kutulia.

Baada ya hapo jiulize unawinda kwa umbali gani. 6.5 Creedmoor, iliyotolewa na Hornady mwaka 2007, haisukumwi sana na upepo na inasukuma bega kidogo kuliko .308, na tofauti hiyo huonekana hasa kwa anayepiga mbali, kuanzia mita 400 na kuendelea. Ikiwa paa wako unawapiga ndani ya mita 200, kama ilivyo kwa wawindaji wengi wanaokaa kwenye vibanda karibu na chakula cha wanyama, hakuna mnyama atakayeitambua tofauti hiyo. Bega likiwa ndilo linalokusumbua, au mwenzako wa nyumbani au mtoto anataka kujifunza kwa bunduki hiyo, 6.5 ina faida ya kweli hata kwa karibu, kwa sababu mpigaji asiyeogopa msukumo hulenga vizuri.

Pia usiuze bunduki uliyonayo kabla ya kuzungumza na fundi. Kitako cha ganda la .308 na cha 6.5 Creedmoor vina kipenyo kimoja, na risasi zote mbili zinaingia katika magazini za urefu ule ule, kwa hiyo bunduki nyingi za .308 zinaweza kubadilishwa kwa kufungwa mtutu mpya tu, huku komeo na darubini vikibaki. Wewe una nafasi ambayo Italia haikuwa nayo mwaka 1938: utautunza mtutu wa .308 pamoja na risasi zake, na ukitokea uhaba mwingine fundi ataurudisha. Tahadhari moja ni kwamba mtutu wa 6.5 kwa kawaida huchakaa mapema kuliko wa .308 kwa mtu anayefyatua sana, kwa hiyo mazoezi ya wingi yafanye kwa .308 hadi shehena ipungue, na mtutu mpya ununue wakati risasi za 6.5 ziko tele madukani na bei yake imetulia.